Nyumba za Lamu: kati ya kuoza na kuuza

Ukitoka gatini Lamu, ukaukata Usita wa Mui na kupanda kuelekea Mkomani, unaingia vichochoro ambavyo punda wawili waliobeba mchanga hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Katika kichochoro kimoja cha namna hiyo nimesimama zaidi ya mara moja mbele ya milango mitatu inayofuatana. Wa kwanza umesuguliwa mafuta hadi nakshi inang'aa, na una kufuli jipya; mlinzi aliyeketi barazani aliniambia wenyewe huja Desemba wakakaa wiki tatu. Wa pili hauna nyumba nyuma yake. Umebaki mlango, ukuta mmoja wenye zidaka, na mpapai uliojiotea mahali palipokuwa chumba cha ndani. Wa tatu uko wazi. Mtu anakuna nazi kwenye mbuzi, ndala za watoto zimetapakaa dakani, na ufa umeteremka ukutani kutoka kwenye boriti hadi sakafuni.

Nyumba ya kwanza imeuzwa. Ya pili imeoza. Ya tatu ina watu, na kila msimu wa wageni dalali hupita kuwauliza kama wameshaamua.

Hilo ndilo swali linalobishaniwa kwenye mabaraza ya Lamu kwa miaka mingi sasa: nyumba za mawe ziuzwe kwa wenye fedha kutoka nje ili zisianguke, au zibaki mikononi mwa wenyewe hata kama wenyewe hawana uwezo wa kuzitengeneza? Wako wanaomwona kila muuzaji kuwa msaliti, na wako wanaomwona kila mnunuzi kuwa mkombozi. Ninaamini pande zote mbili zinakosea, kwa sababu zote zinatazama kuta.

Tangazo la kuuza nyumba Lamu huuza vitu viwili kwa bei moja. Kuna jengo, ambalo ni mali ya muuzaji. Halafu kuna mtaa: adhana ya alfajiri, kwato kwenye mawe, muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake, bibi anayeitikia salamu kutoka nyuma ya pazia. Mtaa ndio unaoipandisha bei, maana jengo la vyumba vyembamba visivyofikiwa na gari lisingetafutwa kwa yuro na dola kama lingekuwa jangwani. Lakini mtaa hauna hati, wala si mali ya anayeuza. Hutengenezwa kila siku na majirani, na hakuna anayewalipa. Siku majirani watakapokuwa wamehama, mnunuzi atabaki na kuta.

Nyumba ya kumwozea binti

Mji wa Lamu una zaidi ya miaka 700. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa kuwa ndio mji mkongwe zaidi wa Waswahili Afrika Mashariki na uliohifadhika kuliko yote. Sifa hiyo madalali wanaijua kwa moyo. Kinachosahaulika ni jinsi nyumba yenyewe inavyofanya kazi.

Nyumba ya Lamu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo inayoamua upana. Kwa kuwa haiwezi kubeba mzigo kupita mita mbili na nusu hadi tatu hivi, vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na kila unapopiga hatua kwenda nyuma faragha inazidi. Unaanzia dakani, kwenye viti vya mawe, ambako mwenye nyumba hupokea watu wa kawaida. Ukipita tekani unatokea kiwandani, ua ulio wazi kwa jua na mvua. Kisha misana, kisha ndani, chumba chenye safu za zidaka zilizochongwa kwenye lipu ya chokaa. Nyuma kabisa ni nyumba kati, ambako kwa desturi mzazi alijifungulia na maiti akaoshwa. Chooni kuna birika, na ndani ya birika huwekwa visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Juu, kwa ngazi yake peke yake, kuna sabule: chumba cha mgeni aliyekuja na jahazi na anayengoja upepo ugeuke.

Miongoni mwa wangwana wa Lamu bibi arusi hakuhamia kwa mume. Mume ndiye aliyehamia kwake. Baba aliyejaliwa alimjengea binti nyumba ubavuni mwa nyumba yake au juu yake, na kama kichochoro kiliwatenga, alipitisha wikio, daraja la chumba juu ya njia, ili mama na binti waonane bila kutoka nje. Ukitembea Mkomani ukainua macho, kila wikio unalolipita chini yake lina arusi yake.

"Hini si nyumba yangu, mwanangu," bibi mmoja aliniambia, huku akinionyesha ukuta uliobambuka chokaa. "Ni ya wana wangu wa kike. Mimi nalizawa humu, na mamangu alizawa humu."

Kiswahili kimeliweka jambo hili katika neno moja. Kuoza ni kufungisha ndoa, na kuoza ni kuharibika. Nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya kuoza mabinti. Sasa zinaoza zenyewe, na kabla hazijamalizika kuoza, zinauzwa. Nyumba ya namna hii ikitoka mkononi mwa ukoo, anayepoteza kwanza ni binti ambaye bado hajaolewa, naye kwa kawaida hayupo penye kikao cha kupanga bei.

Thumni ya nyumba

Hakuna aliyeamka asubuhi akauza mji. Utajiri uliojenga nyumba hizi ulitokana na bahari, na pia na mashamba ya bara yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Haifai kuisifu nakshi na kulificha jasho hilo. Utumwa ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1907, na biashara ikavutwa Mombasa na reli iliyoanza kujengwa huko mwaka 1896, Lamu iliachwa pembeni. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje ya nchi, na majahazi ya Ghuba yakapoteza sababu kubwa ya kutia nanga. Vijana waliondoka kwenda Mombasa, Nairobi na Uarabuni. Nyumba zikabaki na wazee.

Halafu wazee wakafa, na mirathi ikaanza kufanya hesabu yake. Chukua mzee aliyeacha mke, wavulana wawili na wasichana watatu. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki kinagawanywa mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, na kwa familia hii hesabu inatoka sawasawa: kila msichana thumni moja, kila mvulana thumni mbili. Ni haki tupu kwenye karatasi. Lakini mgawie mtu thumni ya nyumba yenye daka moja, kiwanda kimoja na chumba kimoja cha ndani. Atapewa kidaka kipi? Akifa mmoja wao, thumni yake nayo inagawanyika kwa wanawe, wengine wakiwa Muscat, wengine Mombasa. Kizazi cha tatu nyumba ina warithi ishirini. Hakuna hata mmoja mwenye fungu la kutosha kumfanya agharimie ukarabati, na kila mmoja ana fungu la kutosha kuuzuia.

Na ukarabati si mchezo. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe, ikalowekwa na kuachwa ikomae kabla ya kupakwa. Boriti sharti zibadilishwe zinapochoka, na Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma nchini kote, mikoko iliguswa pia, katika kaunti iliyo na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Asiyekuwa na fedha ya chokaa hukimbilia saruji. Saruji haipumui. Hufungia unyevu na chumvi ndani ya tumbawe, na baada ya misimu michache lipu hubambuka na kuondoka na ukuta. Mwenye nyumba ametumia akiba yake kuiharakisha nyumba yake kuanguka.

Katika hali hiyo dalali anapokuja na bei ambayo kila mrithi akipata fungu lake atalipa karo au kununua mashua, tusimwite muuzaji msaliti. Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya inamlinda mwenye mali, na mwenye mali huyu amechoka.

Wageni waliozisimamisha

Insafu inatutaka tuseme pia mema ya wanunuzi. Wasafiri wa Ulaya na Marekani walianza kuipenda Lamu katika miaka ya 1960 na 1970. Hoteli ya Peponi ya Shela ilifunguliwa mwaka 1967. Baadhi yao walinunua magofu ambayo wenyeji walishayakatia tamaa, wakayainua upya kwa chokaa na boriti, wakati wengi wetu tulikuwa tunabomoa zidaka ili tuweke kabati. Mji ulipotangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na mpango wa kuuhifadhi ukatayarishwa, mafundi waliojua kusoma ukuta wa zamani walikuwa wachache. Fedha za wanunuzi ndizo zilizowapa kazi ya kuendelea. Fundi wa nakshi mwenye wanafunzi leo ana wanafunzi kwa sababu kuna mtu anayeagiza milango. Nahodha, mpishi, mlinzi, mwenye punda wa kubeba mchanga, wote wamekula katika sahani hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Lamu imelishuhudia neno hilo.

Kwa hiyo anayesema wageni waondoke, aseme pia chokaa itanunuliwa na nani.

Bei ya mlango uliofungwa

Ila kuna hasara, na haionekani kwenye picha za matangazo. Nyumba iliyofungwa miezi kumi na mmoja haitoi mtoto wa kwenda chuoni. Haitoi mtu wa safu ya pili katika msikiti wa mtaa, ambao ulijengwa kwa ajili ya nyumba zinazouzunguka. Mfungo Sita unapoingia na watu wakafurika kwa Maulidi, kutoka Pate, Faza, Mombasa hadi Komoro, wageni hao hulazwa majumbani. Nyumba yenye kufuli haipokei hata mmoja. Duka la pembeni huuza unga wa robo kilo kwa jirani wa kila siku, na jirani wa kila siku amehamia Wiyoni au Kashmir, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba ya matofali aliyoimudu.

Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi kutoka mjini, imetangulia katika njia hiyo. Kijiji kilichokuwa cha wavuvi sasa kina majumba marefu ya wenye uwezo, na kijana wa Shela anayetaka kuoa hawezi kununua kiwanja penye makaburi ya babu zake. Nyuma ya Shela viko vilima vya mchanga vinavyoonekana kama pambo tu la ufuo. Mvua inayozama humo ndiyo maji matamu ya mji mzima wa Lamu. Kila bwawa la kuogelea na kila shimo la choo linalochimbwa karibu navyo linakunywa katika birika letu sote.

Tena biashara ya nyumba za likizo ni ngalawa isiyo na ndubi. Mwaka 2011 watu wenye silaha walipowateka wageni Kiwayu na Manda, na mwaka 2014 mashambulizi ya Mpeketoni yalipotikisa kaunti yote, nchi za nje ziliwaonya raia wao wasije. Mwaka 2020 korona ikafunga milango tena. Kila mara waliobaki kuuchangamsha mji, kuufagia, kuuzikia wafu na kuusomeshea watoto, walikuwa wenyeji. Mtaa wenye nyumba nyingi za wasiokuwapo hauna watu wa kubaki.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mwenye nyumba aliye mbali hajui paa linavuja wapi, na hajui pia jirani yake ana msiba. Vyote viwili ni ila za nyumba.

Fasihi yetu ina shairi moja kuu kuhusu majumba yaliyokimbiwa. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unatafakari magofu ya Pate, kisiwa jirani, na matajiri waliowahi kuishi humo. Pate ilipoteza watu, na kuta zikafuata. Lamu inaweza kupatwa na jambo ambalo hata mshairi huyo hakuliona: kuta zikabaki nyeupe, zidaka zikabaki kamili, taa zikawashwa kila Desemba, na watu wakawa hawapo.

Sheria inalinda nini?

Sheria tunazo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inaipa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya nguvu ya kulinda majengo ya kihistoria, na mwenye nyumba ndani ya mji wa kale hapaswi kubomoa au kuongeza ghorofa bila idhini. Hilo ni jema, lakini linalinda ukuta. Hakuna kifungu kinachouliza kama ndani ya ukuta kuna mtu.

Ibara ya 65 ya Katiba inakwenda mbali zaidi, na nashangaa jinsi isivyotajwa barazani. Mtu asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi milele. Anaweza kuikodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni nayo haihesabiwi kuwa raia mpaka imilikiwe yote na raia. Maana yake, kila panaposemwa kwamba mzungu amenunua nyumba Lamu, kisheria amekodi ardhi kwa muda. Miaka 99 ni kikomo cha juu. Hakuna sheria inayowalazimisha warithi kufika kikomo hicho. Wanaweza kukodisha kwa miaka 20 au 25, mpangaji akaitengeneza nyumba kwa chokaa na boriti, akaifaidi, kisha ikarudi imesimama kwa mtoto ambaye leo ana miaka mitano na siku hiyo atakuwa mtu wa kuoa au kuolewa.

Mahakama nazo zimeonyesha kwamba utamaduni wa Lamu una uzito wa haki. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu ulikiuka haki za wenyeji, ile ya utamaduni ikiwemo, na ikaamuru fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Ikiwa mahakama inaweza kuitambua njia ya mvuvi baharini kuwa urithi, njia ya binti kupita kwenye wikio haipaswi kuwa ngeni kwake.

Bandari hiyo inaongeza haraka ya jambo lote. Mradi wa LAPSSET, ambao bandari hii ni sehemu yake, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Tangu mradi ulipotajwa, ardhi ya Lamu imewatia tamaa watu wasiowahi kuiona. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alifuta hati za karibu ekari 500,000 zilizogawiwa makampuni katika kaunti hii. Mji unaosubiri kila nyumba ipate mnunuzi ndipo uanze kufikiri, utafikiri ukiwa umekwisha.

Somo la Unguja

Wengine husema serikali ichukue nyumba zote. Hao wavuke bahari hadi Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa serikali na familia zikapangishwa humo. Walioishi hawakuwa wenyewe, na aliyekuwa mwenyewe hakuishi humo. Mvua ikafanya kazi yake. Mamlaka ya kuuhifadhi mji ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika Urithi wa Dunia, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la fahari kuliko yote katika pwani hii, ilianguka wakati wa ukarabati. Ikiwa jumba la Sultani chini ya serikali liliangukia hivyo, nyumba ya warithi ishirini Mkomani itasimamishwa na ofisi ipi?

Lakini Unguja ina somo la pili, na hili ni la kuigwa. Wageni wanaotaka makazi wamefunguliwa maeneo mapya nje ya mji wa kale, kama Fumba, ambako fleti hujengwa na kuuzwa kwa utaratibu wa kukodi ardhi kwa muda mrefu. Njia hiyo ina kasoro zake, nayo inahitaji kuangaliwa kwa jicho kali ili wakulima wasipokonywe. Hata hivyo inaonyesha kwamba mtu anayetafuta bahari na jua anaweza kupewa bahari na jua bila kupewa nyumba kati ya mtu.

Mgeni apewe sabule

Babu zetu walikwisha kulitatua swali la mgeni, na jibu wakalijenga kwa mawe. Mgeni alipewa sabule. Alipewa ngazi yake, upepo wake, chakula na heshima, akakaa msimu mzima akifanya biashara. Hakupewa ndani. Hukumu yangu juu ya uuzaji wa nyumba za Lamu ni hiyo hiyo: tuwapangishe wageni, tusiwauzie, na atakayelazimika kuuza, aanze na walio karibu.

Mambo manne yanaweza kufanywa bila kungoja mfadhili.

La kwanza ni kuifufua roho ya shufaa. Fikihi yetu inaijua: mshirika katika mali isiyogawanywa akitaka kuuza fungu lake, washirika wenzake wana haki ya kulichukua kwa bei hiyo kabla ya mtu wa nje. Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa Lamu haki hiyo ni ya mshirika, si ya jirani, na ina masharti ambayo wanazuoni ndio wa kuyapima. Lakini hakuna kinachowazuia warithi kuandikiana makubaliano ya namna hiyo mara tu mirathi inaposomwa, na kumwongeza jirani kwa hiari yao. Mara ngapi ndugu wa Mombasa amesikia nyumba imeuzwa baada ya fedha kuliwa?

La pili ni wakfu. Nyumba yenye warithi ishirini wasioelewana inaweza kuwekwa wakfu kwa kizazi, isiuzwe wala isirithiwe vipande, kodi yake ikagawiwa wenye haki baada ya kulipia chokaa. Kenya ina Tume ya Wakfu kwa mujibu wa sheria. Wakfu umewahi kuharibiwa na wasimamizi wasio waaminifu, na watu wana haki ya kuuogopa. Dawa yake ni hesabu kusomwa hadharani msikitini kila mwaka, kama zinavyosomwa fedha za ujenzi.

La tatu liko mikononi mwa serikali ya kaunti. Katiba, katika Ibara ya 209, inazipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya majengo. Kaunti ya Lamu iipunguzie kodi nyumba ya kale inayokaliwa mwaka mzima, na iipandishie inayofungwa sehemu kubwa ya mwaka. Tofauti hiyo iingie katika mfuko mmoja tu: wa chokaa, boriti na mafundi kwa ajili ya wenyeji wasiojiweza. Mwenye nyumba ya likizo hataonewa. Ananunua utulivu na uzuri wa mtaa. Achangie kuwaweka wanaoutengeneza.

La nne ni kutoa idhini za ukarabati haraka kwa mwenyeji maskini, pamoja na fundi wa kumshauri. Leo anayeweza kungoja makaratasi na kulipa mchoraji ni tajiri. Maskini huziba ufa usiku kwa saruji.

Nitaambiwa kwamba hatua hizi zitashusha bei na kumwumiza muuzaji. Kwa baadhi ya wauzaji ni kweli, na sitaki kulificha. Bei ya kukodisha miaka 25 haitafikia bei ya kuachia moja kwa moja. Lakini anayekodisha hula mara mbili: leo kodi, kesho nyumba. Anayeuza hula mara moja, na sehemu ya alichokula ni ya majirani, maana ni wao waliomfanya mnunuzi aipende njia ile.

Narudi kwenye mlango wa tatu, ulio wazi. Ufa wake unaweza kuzibwa na fundi mmoja, hamali wawili na punda wachache wa chokaa. Kinachokosekana ni warithi wake wanane kuketi kiwandani siku moja na kukubaliana. Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwako wewe mrithi, uliye Lamu, Mombasa au Muscat, ambaye simu ya dalali imekufikia au iko njiani. Usitie sahihi wiki hii. Iteni ndugu wote, wa kike watangulie kuketi, maana nyumba ilijengwa kwa ajili yao. Ulizeni nani anaweza kununua fungu, nani anaweza kulisubiri, na kama ni lazima mgeni aingie, ataingia kwa miaka mingapi. Mkishakubaliana, andikeni. Halafu ndipo mumwite dalali.